Kazi ya bandari Savannah: miezi tisa ya shemeji yangu

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa karani wa tali, yaani wa kuhesabu na kukagua mizigo, pale Kilindini, bandari ya Mombasa, kwa miaka 11. Aliposhinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, alinipigia simu kuuliza afikie wapi. Nikamjibu bila kufikiri: njoo Savannah, huku kuna bandari kubwa, kazi hutakosa. Neno hilo ndilo lililomleta, yeye na mkewe na mtoto wao wa miaka 7. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, kwa sababu tangu wakati huo watu watatu wengine wameniuliza swali lile lile, na sitaki tena kulijibu kwa sentensi moja.

Mji wenyewe kwanza. Savannah uko Georgia, Kusini mwa Marekani, ukingoni mwa mto wenye jina hilo hilo. Ulianzishwa mwaka 1733, na katikati yake kuna bustani ndogondogo 22 zilizopangwa kama miraba ya drafti, zenye mialoni mikubwa inayoning'iniza majani ya kijivu kama ndevu. Sensa ya 2020 ilihesabu watu wasiofika 150,000. Mombasa, kwa sensa ya 2019, ina zaidi ya milioni 1.2. Sasa tazama mizigo: bandari ya Savannah hupitisha zaidi ya makontena milioni 5 kwa mwaka, yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20, Mombasa ilifika milioni 2 mwaka 2024.

Mtu wa Mombasa akiziona hesabu hizo husema, watu wachache na mizigo mingi, basi kazi imejaa. Mimi pia nilisema hivyo, na nimeishi hapa miaka 9. Lakini mizigo hiyo haikai mjini. Inashuka Garden City, kwenye uwanja mmoja wa zaidi ya ekari 1,300, inapanda reli au lori, inakwenda Atlanta na mbele ya hapo. Inayobaki hapa inapita kwenye magodauni yaliyotawanyika Pooler, Port Wentworth, hadi kaunti za Bryan na Effingham. Savannah haina Changamwe kama Mombasa. Hakuna mtaa ambao kuli anatoka nyumbani kwa miguu, ananunua mahamri njiani, anafika getini kabla chai haijapoa.

Kitu cha pili ambacho sikumweleza ni kwamba "kazi ya bandari" hapa ni kazi nne, na mlango wa moja hauingii kwenye nyingine. Wanaoendesha kreni kubwa ni waajiriwa wa mamlaka ya jimbo, Georgia Ports Authority. Wanaofunga na kufungua makontena melini ni makuli wa chama cha wafanyakazi cha ILA, tawi namba 1414, na makarani wao wako tawi namba 1475. Halafu kuna sisi wa malori, wengi wetu tukiwa na gari letu wenyewe na kulipwa kwa safari. Mwisho kuna magodauni, na humo mgeni huingia kupitia wakala wa ajira. Anaweza kutumwa leo na kuambiwa kesho abaki nyumbani.

Shemeji alitaka ile ya makuli. Alikuwa na haki ya kuitaka, maana ndiyo kazi aliyoizoea. Jirani yangu, mzee Mmarekani mweusi aliyestaafu baada ya miaka mingi gatini, alimketisha barazani kwake na kumweleza taratibu. Chama hicho hapa kimekuwa mikononi mwa watu weusi kwa vizazi, baba akimwonyesha mwana njia. Kazi hugawanywa kwa ukongwe: wenye miaka mingi huchukua kwanza, kinachobaki ndicho cha mgeni, na siku nyingine hakibaki kitu. "Utaamka alfajiri na kurudi mikono mitupu, mwaka mzima labda, kabla hujajulikana," alimwambia. "Una mtu wa kukulishia mtoto mwaka huo?" Shemeji hakuwa naye.

Mzee yule alitupeleka pia kanisani kwao, First African Baptist, ambalo jengo lake lilimalizwa mwaka 1859 kwa mikono ya watumwa. Sakafu ya chini ina matundu yaliyotobolewa kwa umbo la almasi. Wenyeji husimulia kuwa ni alama ya Wakongo, na kuwa waliotoroka utumwa walijificha chini ya mbao hizo wakipumulia hapo. Shemeji alipiga magoti na kuweka kiganja juu ya tundu moja. Ni Mwislamu, na alikaa pale muda mrefu.

Basi ikawa godauni. Alifika Machi 2024, na Aprili akaanza kazi Port Wentworth, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na nusu alfajiri, dola 17.50 kwa saa. Kabla ya hapo nilikuwa nimemshauri achukue kitambulisho cha TWIC, kile cha kuingilia ndani ya bandari, kinachodumu miaka 5. Alilipa zaidi ya dola 120. Godauni halikihitaji. Kilikaa kwenye pochi bila kazi, na fedha ile ingekuwa viatu vya mtoto.

Juni mosi alihama kutoka nyumbani kwetu, alikofikia. Tulimwambia hakuna haraka, lakini mtu mzima na familia yake kukaa sebuleni kwa dada yake si jambo jepesi, nami sikumlazimisha. Alipanga nyumba ya vyumba viwili Garden City, dola 1,425 kwa mwezi. Kwa saa 40 za wiki alikuwa akipata dola 700 kabla ya makato. Toa makato, toa kodi, na zikabaki kama dola elfu moja za chakula, umeme, simu, na kutuma Mombasa kwa mama. Umeme wa kiangazi hapa si mchezo: Julai ile bili ilifika dola 214, kwa sababu joto la Savannah linakaa ndani ya nyumba usiku kucha kama mgeni asiyeaga.

Na toa usafiri. Basi za mji, za Chatham Area Transit, hazimfai mtu wa zamu ya usiku, na magodauni mengi mapya yamejengwa nje ya njia zake. Mwenzake mmoja alimchukua kwa dola 12 kwa usiku. Usiku mmoja wa Julai mwenzake hakuja kazini, na alfajiri Shemeji akaamua kurudi kwa miguu. Barabara namba 21 ndiyo inayobeba malori ya bandari. Haina njia ya waendao kwa miguu. Alitembea maili 4 kwenye majani yenye umande, huku kila trela likimvuta shati kwa upepo wake. Kuna mahali mtaro umejaa maji na ilibidi apande barabarani, angoje nafasi kati ya lori na lori, akimbie. Alifika nyumbani suruali imelowa hadi magotini. Mimi huipita barabara hiyo na trela mara sita kwa siku, na kwa miaka 9 sikuwahi kuona kwamba haina pa kukanyaga.

Baada ya asubuhi ile, gari likawa ndilo jambo la kwanza kichwani mwake. Nasisitiza hili kwa sababu watu wanaomhukumu husema alinunua gari kwa tamaa. Hawajaitembea barabara namba 21.

Msimu uliomdanganya

Mkataba wa makuli wa pwani yote ya mashariki na Ghuba ya Mexico ulikuwa ukiisha tarehe 30 Septemba 2024. Kila mwagizaji aliyekuwa na akili aliharakisha mizigo yake iingie kabla ya siku hiyo. Agosti na Septemba malori yalijipanga getini tangu giza la alfajiri. Magodauni yalijaa hadi vichochoro, na Shemeji akawa anafanya saa 55 kwa wiki. Ukipita saa 40, sheria inataka ulipwe mara moja na nusu, kwa hiyo wiki ya dola 700 ikawa ya dola 1,093. Hata Agosti kimbunga Debby kilipomwaga mvua na zamu mbili zikafutwa, wiki iliyofuata ilizirudisha kwa ovataimu.

Katikati ya Septemba alinunua gari kwenye yadi ya wanaouza na kukopesha wenyewe. Malipo ya mwanzo yalikuwa dola 1,500, ambayo ndiyo ilikuwa akiba yake yote. Baada ya hapo ni dola 95 kila Ijumaa, na bima dola 210 kwa mwezi. Kabla ya hapo nilikuwa nimemfundisha kuendesha upande wa kulia katika uwanja wa duka lililofungwa, Jumapili tano mfululizo, na alifaulu mtihani mara ya kwanza. Siku alipolileta gari nyumbani mke wangu alipiga vigelegele.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa wiki ya saa 55. Kwa wiki ya saa 40 ingembana, lakini angevuka. Hakuna aliyemwuliza kuhusu wiki ya saa 20, na mimi niliyekuwa nikiona foleni zile kila siku, nikijua zinatoka wapi, ndiye niliyepaswa kumwuliza. Wingi ule ulikuwa kazi ya Oktoba iliyofanywa mapema. Ilikuwa kama kuvuna shamba la jirani ukadhani ni lako.

Usiku wa tarehe 26 Septemba kimbunga Helene kikapita. Umeme mtaani kwake ulikatika siku nne, na kila kilichokuwa kwenye friji kikaoza. Tarehe 1 Oktoba makuli wakagoma. Mgomo ulidumu siku tatu tu. Jioni ya tarehe 3 walirudi kazini baada ya kuahidiwa nyongeza ya asilimia 62 kwa miaka 6, na kuli mzoefu akapandishwa kutoka dola 39 kwa saa kuelekea dola 63. Niliwafurahia, na bado nawafurahia. Mzee jirani yangu alilia. Lakini siku tatu za getini ni wiki nyingi za godauni. Meli zilisubiri nje. Ndani ya magodauni mlijaa mizigo ambayo tayari ilikuwa imepangwa, na wa kwanza kuambiwa "usije leo" ni mtu wa wakala. Wiki za Oktoba za Shemeji zilikwenda hivi: saa 22, saa 16, saa 25, saa 30. Wiki ya saa 16 ni dola 280, na Ijumaa yake gari lilitaka 95.

Kodi ya Oktoba aliilipa kwa kukwangua kila kitu. Ya Novemba hakuilipa.

Bahasha

Ijumaa tarehe 8 Novemba bahasha ilibandikwa mlangoni kwake. Georgia ina sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024: mwenye nyumba anapaswa kumpa mpangaji notisi ya siku 3 za kazi kabla ya kumpeleka mahakamani. Kabla ya sheria hiyo hata hizo hazikuwapo. Jumatatu ilikuwa sikukuu ya serikali, hivyo siku tatu zikawa Jumanne hadi Alhamisi, na Ijumaa kesi ikafunguliwa. Jumatano tarehe 20 akakabidhiwa wito.

Hakutuambia. Aliuweka kwenye droo chini ya madaftari ya mtoto, akaendelea kuja kwetu Jumapili na kula na kucheka. Ilikuwa haya, na haya ya mkubwa mbele ya mume wa dada yake ni nzito kuliko deni. Mkewe ndiye aliyevunja ukimya, Jumamosi tarehe 23, akiwa jikoni anakaanga viazi na mke wangu. "Wifi," alisema, "sisi tutahamia wapi?" Mke wangu alizima jiko, akaja sebuleni na mikono yenye unga wa dengu, akaniambia nenda ukalete hizo karatasi sasa hivi.

Karatasi zilisema ana siku 7 za kujibu tangu siku ya wito, yaani mwisho Jumatano tarehe 27, kesho yake ikiwa sikukuu ya Shukrani. Tulikaa usiku ule na njia tatu mbele yetu.

Ya kwanza ilikuwa warudi kwetu. Ni rahisi, ni ya kindugu, na ndiyo niliyoipendekeza. Mke wangu aliikataa. Alisema wakihama bila kujibu kesi, hukumu itatoka dhidi ya kaka yake, na kila nyumba atakayoomba baadaye wataikuta. Alikuwa na haki. Ya pili ilikuwa kulirudisha gari, jambo ambalo lingeokoa zaidi ya dola 500 kwa mwezi na kumtoa kazini siku hiyo hiyo. Shemeji mwenyewe alikuwa amekwisha kuamua hivyo moyoni, na ilibidi tumzuie. Ya tatu ilikuwa kulipa yote. Hatukujua kama kulipa kungesimamisha kesi ambayo tayari iko mahakamani.

Jumatatu asubuhi tulipiga simu ofisi ya msaada wa kisheria, na hapa ndipo penye jambo ambalo kila mpangaji Georgia anapaswa kulijua. Kwanza, jibu kesi kwa maandishi hata kama unadaiwa kweli. Usipojibu, mwenye nyumba anashinda bila wewe kusikilizwa. Pili, ukilipa kodi yote unayodaiwa pamoja na gharama za kesi ndani ya siku 7 za wito, mwenye nyumba analazimika kupokea na kesi inaanguka. Anaweza kulazimishwa hivyo mara moja tu katika miezi 12. Dada aliyetusikiliza alirudia maneno ya mwisho mara mbili.

Zilihitajika dola 1,610: kodi, faini ya kuchelewa, na gharama za mahakama. Sisi waswahili wa hapa tuna chama cha watu 12, kila mmoja hutoa dola 100 kwa mwezi na mmoja hupokea. Zamu ya Novemba ilikuwa ya mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekuwa akiingojea mwaka mzima ili anunue gari. Mke wangu alimpigia simu akiwa na aibu. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu, kama kuna mtoto ndani ya nyumba ile. Kisha akasema pokeeni, mimi nitapanda basi bado. Zikawa 1,200. Mimi nikaongeza 250, na Shemeji akatoa 160, zote alizokuwa nazo.

Jumanne tulikwenda ofisi ya mwenye nyumba na hundi ya benki. Mhudumu akasema jambo limeshafika mahakamani, tuonane huko. Shemeji alitoa karatasi tuliyoandikiwa na watu wa msaada wa kisheria, akaiweka mezani juu ya hundi, akasimama. Hakupandisha sauti. Karani wa tali anajua kusimama mbele ya mtu anayekataa kupokea hati. Tulisubiri dakika 40, mkubwa akapigiwa simu, hundi ikapokelewa na risiti ikatoka. Tukaenda moja kwa moja jengo la mahakama Montgomery Street, tukawasilisha jibu na nakala ya risiti. Kesi ikafungwa.

Kilichobadilisha mambo

Fedha ile ilinunua muda, basi. Kilichobadilisha maisha yake kilitokea Desemba, na hakuna aliyekipanga. Kila kontena duniani lina herufi nne na tarakimu saba, na ile ya saba, iliyo ndani ya kisanduku, hupatikana kwa hesabu ya zote zilizotangulia. Ukigeuza mbili kati yake, hesabu haikubali. Usiku mmoja karatasi ya kupokelea mzigo ilisema 46 mahali mlango wa kontena ulipoandikwa 64. Kijana aliyekuwa na karatasi alikuwa tayari kukata sili. Shemeji, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba maboksi tu, akamshika mkono na kumwonyesha. Lilikuwa kontena la mteja mwingine kabisa.

Msimamizi akamwuliza alijuaje. Akajibu amesoma namba hizo miaka 11. Kwenye fomu ya wakala, mwezi wa Aprili, tuliandika "kazi za bandari, Kenya," maneno matatu au manne, kwa sababu mimi niliyemjazia nilidhani haitamjali mtu yeyote. Januari 2025 aliajiriwa na godauni lenyewe, bila wakala, kuwa mkaguzi wa mizigo inayoingia: dola 21.25 kwa saa, zamu ya mchana, bima ya afya baada ya siku 60.

Mkewe naye alikuwa ameanza usafi katika hoteli moja karibu na River Street tangu Desemba. Kazi hiyo ya watalii, ambayo mimi niliidharau, basi za mji zinafika mlangoni pa hoteli, na saa zake hazikutikiswa na mgomo wala foleni ya meli. Hupungua baridi ya Januari na kupanda tena Machi, na hayo yote yanajulikana mapema. Angeanza hiyo Aprili, Novemba ingekuwa mwezi wa kawaida.

Kwa hiyo anayeniuliza sasa namjibu hivi. Kaa kwa nduguyo miezi sita, hata kama sebule inabana. Gari kwanza, nyumba baadaye. Pima kodi kwa wiki ya saa 25. Mmoja wenu achukue kazi inayofikiwa na basi. Na andika kwa urefu ulichokuwa ukifanya nyumbani, kwa majina ya vitu na vyombo, hata kama wakala haulizi.

Deni la chama Shemeji alilimaliza Mei. Zamu ikarudi kwa mama wa Uvira, naye akampigia simu yeye, si mimi, amsindikize kutafuta gari. Jumamosi ile walizunguka yadi tatu. Kwenye ya kwanza na ya pili Shemeji alisoma mkataba mstari kwa mstari, akamwambia tuondoke. Kwenye ya tatu walinunua gari la dola 3,900, taslimu, na yule mama akaendesha mwenyewe hadi nyumbani, Shemeji akimfuata nyuma polepole na taa zimewaka.